Aliyetegewa

Kitu cha kwanza alichokiona Sindano ni viti. Mkufunzi alipomaliza tu kutaja makundi, ukumbi mzima ulianza kukwaruza sakafu, kila mtu akiburura kiti kuwaelekea wenzake, na viti vya kundi lake vikaja vyote upande wake. Yeye hakusogea. Mwanzoni alifurahi, maana hakuzoea kufuatwa. Kisha akaangalia mikono. Wote watatu walikuwa wamekuja mikono mitupu. Hakuna kalamu, hakuna daftari, hakuna hata kile kipande cha karatasi ambacho mtu hukishika kwa kuona haya tu. Walikaa, wakamtazama yeye na kalamu yake kama wageni waliokwisha kunawa wanavyomtazama mpishi.

"Haya, tumetimia," alisema yule wa katikati. "Kidole kimoja hakivunji chawa, wenzangu."

Huyo ndiye Spika. Chuo kizima kilimwita hivyo kwa sababu alipokuwepo yeye hapakuhitajika kipaza sauti. Alikuwa na meno mazuri na hakuwa mchoyo wa kuyaonyesha. Kushoto kwake alikaa kijana mrefu, mwenye macho ya mtu aliyeamshwa sasa hivi, jina lake Baadaye, kwa kuwa hilo ndilo jibu lake la kila swali. Kulia alikaa Mama Pacha, mkubwa wao kwa umri, aliyewaacha wanawe wawili kwa mama mkwe na kuja kusoma ualimu akiwa na simu mkononi saa zote.

"Na wewe mwenzetu unatokea wapi?" Spika alimuuliza.

"Kwa shangazi yangu."

"Shangazi anafanya nini?"

"Anashona."

"Basi wewe Sindano! Haina kelele, lakini nguo nzima inaitegemea."

Wakacheka, naye akacheka, kwa sababu kucheka ni jibu lisilohitaji maneno. Tangu hapo hakuwa na jina jingine chuoni.

Kazi waliyopewa ilikuwa ya muhula mzima. Kila kundi liandae somo moja la lugha kwa darasa la tano la shule ya mazoezi, ile iliyo ng'ambo ya uwanja wa chuo: andalio la somo, zana za kufundishia, mazoezi ya watoto, kila kitu. Mwisho wa muhula wangelifundisha mbele ya Mkufunzi, na alama ingekuwa moja kwa kundi zima. Likifaulu, wote wamefaulu. Likianguka, wameanguka wote.

Kwa wenzake hiyo ilikuwa habari njema. Kwa Sindano ilikuwa kama kufungiwa chumbani na ufunguo kupewa mtu mwingine. Yeye alikuwa anarudia mwaka. Mwaka uliotangulia alisimama kufundisha, na nyuma ya darasa walikaa watu wazima wamekunja mikono, sauti yake ikakauka kooni kama uji uliosahaulika jikoni. Watoto peke yao hawakumtisha hata kidogo. Mbele ya watoto alikuwa mtu mwingine, mcheshi, mwepesi wa mikono. Tatizo lake lilikuwa watu wazima. Chuo hakikumpa mtu nafasi ya tatu. Akianguka safari hii, kulikuwa na cherehani moja kwa shangazi iliyokuwa inamngoja, imewekwa kwenye kona, imetazama ukuta, na kiti chake kimeshawekewa mto mpya.

"Mimi nitakuwa mwenyekiti," alisema Spika. "Mtu wa kusema anahitajika. Na siku yenyewe nitasimama mimi kufundisha, msiwe na wasiwasi. Baadaye atachora zana. Mama Pacha atatunga mazoezi. Sindano, wewe andika andalio. Mwandiko wako mzuri."

"Sawa," alisema Sindano.

"Tukutane lini?" aliuliza Mama Pacha.

"Baadaye," alisema Baadaye, na kikao kikafungwa kwa kicheko.

Siku zile Mkufunzi alikuwa akiwafundisha habari za hulka za watu. Alikuwa mwanamke mnene, mchangamfu, mwenye chaki hadi kwenye nyusi, na alipenda kazi yake. Alichora mstari mrefu ubaoni. Mwisho mmoja akaandika "wasemaji", mwisho wa pili "wanyamavu", kisha akawauliza kila mmoja anajiweka wapi.

"Mkufunzi, ongeza ubao!" Spika alipaza sauti kutoka nyuma. "Sindano hajaenea, yuko kule ukutani!"

Ukumbi ukacheka. Mkufunzi naye akacheka, kisha akasema kundi zuri ni mchanganyiko, mwenye maneno akae na mwenye vitendo. Halafu akawaeleza jambo ambalo Sindano alilisikia kama mtu anayesikia anasengenywa chumba cha pili.

"Watu wakivuta kamba pamoja," alisema, "kila mmoja huvuta kwa nusu ya moyo. Mnajua kwa nini? Kwa sababu kamba haisemi nani amevuta. Huko ndiko kutegea. Si lazima mtu awe mvivu. Mtu mzuri kabisa, mwenye adabu zake, mwekeni kwenye kundi atategea, na hata mwenyewe hajui. Sasa dawa yake nini?"

"Upendo, Mkufunzi!" alisema Spika.

"Upendo!" Mkufunzi alicheka hadi akajifuta macho na mkono wenye chaki. "Haya, na upendo tuuongeze."

Sindano aliyaandika yote. Kipindi kilipokwisha Baadaye alimsogelea, akajinyoosha, akamwomba amnakilie na yeye.

Kuhusu zana, Baadaye alikuwa hachori. Hakukataa, la. Mtu akikukataa una pa kushika. Yeye alikubali kila mara, kwa upole, kwa tabasamu la usingizi. "Karatasi ngumu nitazipata kesho, dada yangu." Kesho ikifika: "Nilizipata, ila kalamu za wino mnene hakuna." Kalamu zikipatikana: "Nataka nichore vizuri, sitaki kulipua. Tulia." Sindano alitulia. Siku moja alimkuta amelala kwenye benchi nyuma ya bwalo, na zile karatasi amezifanya mto.

Alizichukua pole pole asimwamshe. Baadaye akafumbua jicho moja.

"Unazipeleka wapi?"

"Nikuanzishie tu."

"Mungu akubariki," alisema Baadaye, akalifumba.

Mama Pacha alikuwa mgumu zaidi, kwa sababu yeye hakuwa mwongo. Pacha mmoja alikuwa na pumu. Simu ilipolia, uso wake ulibadilika kweli, na machozi yalikuwa machozi. "Mdogo wangu, mazoezi ya watoto nimeyaanza," alimwambia Sindano, akimwonyesha maswali mawili, la pili halijamalizika. "Kichwa changu hakipo. Jana hakulala, mama mkwe anasema anapumua kama filimbi."

"Nipe nimalizie, dada."

"Utaweza na hilo andalio?"

"Nitaweza."

"Wewe ni malaika." Mama Pacha alimkumbatia, akanukia sabuni ya kufulia, na Sindano akasimama ndani ya kumbatio lile mikono ikining'inia. Utamkasirikiaje mama wa mtoto mgonjwa? Hata ukimkasirikia kimoyomoyo, Mungu anasikia. Kwa hiyo aliichukua ile hasira na kuiweka mahali pengine, kama mtu anavyosukuma takataka chini ya kitanda wageni wanapobisha hodi.

Spika, yeye, alifanya kazi kwa mdomo. Ukipita bwaloni ungemsikia: "Kundi letu? Tumeshika kasi! Sisi tunafanya mnyambuliko wa vitenzi, kauli ya kutendea. Zana zetu utaziona, utalia." Mnyambuliko ulikuwa wazo la Sindano. Zana zilikuwa kadi alizokata mwenyewe kila alasiri, wenzake wakiwa uwanjani, kwenye meza ya mwisho bwaloni ambako mpishi alimruhusu kukaa akimaliza kuifuta. Kila kadi ilibeba kitenzi, na ilitobolewa pembeni ikapitishwa uzi ili vipande vifungwe kimoja na kingine. Pika ukiifungia kipande unapata pikia, ukiongeza kingine unapata pikiwa. Soma, somea, somewa. Leta, letea, letewa. Cha mwisho alikiweka bila kufikiri sana: tega, tegea, tegewa. Alipokuwa anapaka wino herufi za tegewa aliona amezikandamiza hadi wino umetokea upande wa pili.

Kwenye andalio alieleza kila neno. Hapo penye tegea aliandika maana mbili, na akapigia mstari ya pili, kwa kuwa watoto wangeiuliza hakika. Akampelekea Spika.

"Umesoma?" alimuuliza siku chache baadaye. Lilikuwa swali kubwa kwake. Alilifanyia mazoezi tangu asubuhi.

"Sindano! Kitu safi. Kimenyooka." Alikuwa amelikunja andalio katika mfuko wa nyuma wa suruali, limekaa mkao wa mwili wake. "Wewe una akili, mama. Sisi bila wewe tumekwisha."

"Pale penye tegea..."

"Nimepaona."

"Kuna maana mbili."

"Maana ziko nyingi, dunia kubwa," alisema Spika, na mtu akamwita kutoka mlangoni, akaenda.

Alijaribu kuacha. Ukweli lazima usemwe, alijaribu. Wiki moja nzima hakugusa kitu. Kadi za mazoezi zilikuwa zimebaki nusu, naye akaziacha wazi juu ya meza ya kundi ili kila mmoja azione. Spika aliziona, akaweka kikombe chake juu yake. Baadaye alizisogeza apate pa kulaza kichwa. Mama Pacha alisema, "Jamani, hizi bado?" kwa sauti ya huzuni, kama mtu anayesoma habari za msiba wa mbali. Hakuna aliyeuliza kwa nini. Hakuna aliyegombana. Na Sindano akatambua kwamba hawakuwa wakimchokoza. Walikuwa wanangoja tu, kwa amani, kama unavyongoja maji yachemke. Wao kuanguka kungewachelewesha mwaka. Yeye kuanguka kungemrudisha kwenye kile kiti chenye mto mpya. Yeye ndiye aliyekuwa na haraka, na mwenye haraka ndiye anayebeba. Akakiondoa kikombe, akaziendeleza kadi.

Jumamosi moja alikwenda kumsalimu shangazi.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mama. Mbona macho yameingia ndani? Hawawalishi?"

Alikaa kwenye kiti cha cherehani kwa sababu kingine hakikuwepo. Ukuta ulikuwa karibu kiasi kwamba ungeweza kuupumulia. Shangazi alikuwa ameuma pini mdomoni na akizungumza pembeni mwa zile pini, kama kawaida yake.

"Wenzangu hawafanyi kazi, shangazi. Nafanya peke yangu."

"Umewaambia?"

"Sijawaambia."

"Vizuri. Ukipiga kelele watasema una roho mbaya. Wewe tangu mdogo mpole, hukuwahi hata kulilia nguo. Mvumilivu hula mbivu."

Sindano aliitika, abee, kwa kuwa shangazi ndiye aliyemlea na hakuwahi kumnyima kitu. Lakini njiani kurudi aliifikiria ile methali. Yeye alikuwa anavumilia, ndiyo. Ila mbivu zilikuwa zinaliwa na watu wengine, na walipomaliza walimsifu kwa kuvumilia.

Jumatatu alikwenda kwa Mkufunzi. Alijipanga, alinawa uso, alisimama mlangoni pa ofisi hadi Mkufunzi akainua kichwa.

"Karibu, mwanangu! Tulikuwa tunawazungumzia hivi sasa. Spika alipita hapa. Kundi lenu linanipa moyo, mnavyopendana! Ungejua makundi mengine wanavyonisumbua, huyu kamsema huyu, huyu kamsema huyu. Mimi mtu anayekuja kuwasema wenzake huwa najiuliza: shuleni huyu atakaa na walimu gani? Haya, ulikuwa na neno?"

Maneno yalikuwepo. Yalikuwa yamepangwa foleni nyuma ya meno.

"Nilikuja kuomba chaki," alisema Sindano.

Akapewa chaki.

Siku ya somo ilifika na jua lake. Watoto wa darasa la tano walikaa wanne wanne kwenye madawati ya watatu, nywele zimechanwa kwa ajili ya wageni. Mkufunzi alikaa nyuma kabisa, kwenye dawati dogo lililomfanya apandishe magoti. Karibu naye wakakaa Baadaye na Mama Pacha, ambao kazi yao ilikuwa kugawa mazoezi mwishoni. Sindano alisimama pembeni ya ubao na kadi zake kwenye kamba. Yeye alikuwa wa kutundika.

Spika aliingia kama bwana harusi.

"Hamjambo, darasa la tano!"

"Hatujambo, mwalimuuu!"

Alianza vizuri, tusimnyime haki yake. Aliwachekesha, aliwaimbisha. Mama anapika, mama anampikia baba, baba anapikiwa. Sindano alitundika, watoto wakaitikia kwa pamoja. Soma likapita. Leta likapita. Mkufunzi nyuma alikuwa anatikisa kichwa kwa furaha. Sindano aliinua tega, tegea.

"Tega!" alisema Spika. "Mwindaji anatega mtego. Tegea: mwindaji anamtegea sungura mtego. Rahisi!"

Mkono ukanyooshwa mstari wa mbele, wa msichana mmoja mwenye pengo.

"Mwalimu, kutegea si ni kukwepa kazi?"

"Hapana. Kutegea ni mtego."

"Mama anasema kaka anategea. Zamu yake ya kuosha vyombo anajifanya anaumwa tumbo."

Darasa likacheka. Mwingine akadakia kwamba hata kwao yuko mtu wa namna hiyo, na huyo mtu ni baba. Wakacheka zaidi.

"Tulieni," alisema Spika. "Hayo ni maneno ya mtaani. Si lugha ya darasani."

"Sasa darasani tunasemaje?" aliuliza yule wa pengo, bila ubaya wowote, akitaka kujua. "Mtu akiwaachia wenzake kazi yake, anaitwaje?"

Spika alifungua mdomo. Kwa mara ya kwanza tangu Sindano amfahamu, hakikutoka kitu. Aliangalia ubao, ubao haukumsaidia. Andalio lilikuwa mfukoni, limekunjwa. Kule nyuma kalamu ya Mkufunzi ilikuwa imesimama hewani. Watoto wanne wanne walianza kusukumana. Hapo ndipo Spika alipogeuka kando, akatabasamu kwa meno yote, na kusema kwa sauti ya mtu aliyekusudia: "Mwalimu mwenzangu atawapa mfano!" Kisha chini kwa chini, bila kusogeza midomo: "Sindano, niokoe."

Angeweza kunyamaza. Kunyamaza alikujua. Lakini kunyamaza kungelizamisha somo, na somo lilikuwa lake, kila uzi na kila tundu. Akaiweka kamba chini, akapiga hatua akasimama katikati. Hakutazama nyuma. Alimtazama yule wa pengo tu.

"Umesema kweli," alimwambia. "Ni lugha ya darasani na ni lugha ya nyumbani. Sikilizeni mfano. Tulipewa kazi ya watu wanne. Watatu walinitegea. Mimi nikafanyaje?"

"Ukategewa!" walisema watoto.

"Nikategewa. Sasa mwangalieni sungura. Mwindaji kamtegea mtego. Sungura naye kafanyaje?"

"Kategewa!"

"Neno moja?"

Wakatazamana. "Neno moja," alisema kijana mmoja, taratibu, kama aliyekanyaga kitu gizani.

"Aliyetegewa mtego na aliyetegewa kazi wanaitwa kwa neno moja. Nani anaweza kuniambia wanafanana nini?"

"Wote hawawezi kutoka," alisema yule wa pengo.

Sindano akaiokota kamba yake. Kisha akawagawia kadi na nyuzi wafunge wenyewe, akapita dawati kwa dawati, akamtania wa huku, akamsahihisha wa kule, na hakukumbuka tena kwamba nyuma kuna watu wazima mpaka kengele ilipolia. Watoto walitoka mbio uwanjani, na mara sauti zao zikarudi kupitia dirishani: "Umenitegea! Umenitegea!" Walikuwa wameshatunga mchezo.

Mkufunzi alijinasua kutoka kwenye dawati, akaja mbele. Uso wake ulikuwa na maswali.

"Ule mfano," alisema. "Wa watu wanne."

Sindano akainua kichwa. Basi alikuwa amesikia. Hatimaye mtu alikuwa amesikia.

"Ah, Mkufunzi, umependa?" Spika alikuwa ameshafika, mkono wake juu ya bega la Sindano. "Tulifanya mazoezi wiki nzima. Mimi nijifanye nimekwama, darasa lishtuke, halafu mwenzangu aingie na mfano unaouma. Igizo! Kundi la watu wanne linafundisha kutegea kwa kujifanya linategeana. Tulisema, tutumie yale uliyotufundisha wewe."

"Mlipanga?" Mkufunzi aliwatazama wengine.

"Tulipanga," alisema Baadaye. Lilikuwa jambo la kwanza alilolifanya papo hapo.

Mama Pacha aliangalia simu yake. Kisha akasema, polepole, "Tulishirikiana, Mkufunzi."

Na uso wa Mkufunzi ukafunguka kama dirisha. "Mimi nilishtuka! Nikasema, jamani, huyu binti leo kapatwa na nini! Kumbe ni ubunifu! Miaka yangu yote ya ukufunzi sijaona kundi linachukua nadharia na kuivaa mwilini namna hii. Mmefaulu, tena kwa alama ya juu. Na nitawaambia jambo, sikukusudia kulisema leo. Muhula ujao wa mazoezi ya kufundisha makundi yatavunjwa. Ila ninyi sitawavunja. Nitawapeleka shule moja, nyumba moja, muhula mzima. Spika awe kiongozi wenu."

"Tunashukuru sana, Mkufunzi!" alisema Spika, na mkono wake begani ukambana kwa furaha ya kweli. Hilo ndilo lililokuwa baya kuliko yote. Hakuwa na chuki hata tone. Alimwinamia akamnong'oneza, "Umeona, mama? Tumefaulu," na macho yake yalikuwa na shukrani, na pengine kesho angekuwa ameshaamini kwamba ilikuwa igizo.

Sindano alisimama chini ya ule mkono. Amefaulu. Cherehani ingengoja hadi ioze. Akinyamaza sasa, atakuwa mwalimu. Atapika na kuandika na kukata kadi katika hiyo nyumba moja muhula mzima, asubuhi na jioni, na wageni wakija wataambiwa ana moyo wa dhahabu. Akisema, alama inaondoka, ya wote wanne. Mtoto wa Mama Pacha atakuwa amekosa mama mwaka mwingine bure. Naye atakaa uso kwa uso na ukuta. Na nani angemwamini? Hata ukweli alipousema mbele ya darasa zima, na watoto wakauitikia kwa kishindo, ulichukuliwa ukawa kazi ya kundi. Hawakumwachia hata huo.

Yale aliyokuwa ameyasukuma chini ya kitanda muhula mzima yalikuwa yamejaa hadi kitanda kimeinuka.

"Basi," Mkufunzi alikuwa anakusanya vitu vyake, chaki, miwani, mkoba. Alimpiga Sindano shavuni kofi dogo la upendo. "Na wewe mpole wangu, hongera. Kuna mwenye la kuongeza?"

Lilikuwa swali la desturi, na desturi ilikuwa watu wote kuelekea mlangoni. Spika alishageuka. Baadaye alishapiga miayo.

Sindano aliushika ule mkono uliokuwa begani kwake, akauinua, akamrudishia mwenyewe. Uliinuka kirahisi kuliko alivyotegemea. Koo lilikuwa kavu, limekauka vilevile kama mwaka uliopita, na sauti ilipotoka ilikuwa ndogo, ya kukwaruza, lakini ilikuwa sauti.

"Halikuwa igizo," alisema. "Nilifanya peke yangu. Sikufanya kwa wema. Nilifanya kwa sababu nilikuwa naogopa kuwaambia wafanye."

"Sindano, jamani," alisema Mama Pacha.

"Kama ni kunirudisha nyumbani, nirudisheni. Nyumba moja na hawa sikai." Alimtazama Mkufunzi machoni, mtu mzima, mwenye chaki kwenye nyusi, na akagundua kwamba macho hayaui. "Kila mtu ananiita mpole. Shangazi, na ninyi, na wewe Mkufunzi. Mimi si mpole. Nina hasira. Nikiamka nina hasira, nikilala nina hasira, hata sasa hivi nimesimama hapa mnanipongeza, nina hasira."